Kijisanduku cha Mnong'onezi

Chukua funguo, Eydís. Huu mdogo ni wa kijisanduku,
huu wenye kutu ni wa mlango ambao haupo tena.
Keti. Usiwashe taa. Nikusomeshe nyumba hii
kabla hujaiandikia bodi ripoti yako.

Ilianza na senti.
Kila aliyeingia sinema hapa Reykjavik,
kila aliyecheza dansi Jumamosi
alikatwa senti ya kodi.
Watu wakacheka, wakalia, wakalipa,
na kicheko chao kikageuka saruji.

Kisha dunia ikafilisika.
Wizara ikasema: barabara kwanza, gati kwanza,
tamthilia haina magurudumu.
Fedha zikahama, mafundi wakazifuata,
likabaki gofu jeusi juu ya mtaa.
Theluji ndiyo iliyokuwa mtazamaji wa kwanza:
ilijaza ukumbi mzima, bila tiketi.

Nilikuwa na miaka saba. Tulipenya kwenye tundu la ukuta.
Kaka yangu Ormur akasimama pale jukwaa litakapokuwa,
akapaza jina lake,
na gofu likamrudishia mara tatu.
Bahari, baadaye, haikuturudishia hata viatu vyake.

Vita vilipokuja, askari wa Kiingereza walipaona ni ghala.
Mablanketi, nyama ya makopo,
buti sanduku zima, zote za mguu wa kushoto.
Mlangoni kijana mwenye chunusi akilinda giza kwa bunduki.
Hiyo ndiyo tamthilia yangu ya kwanza.
Alinipa biskuti ngumu kama kigae.

Usiku wa kufungua, mama alivaa vazi la kuazima
akatazama dari, zile nguzo zinazoning'inia kama besalti,
akauliza kwa sauti: Haya yote ni senti zetu?
Mtu wa mbele akageuka kumnyamazisha.
Mama akamjibu: Na kiti chako pia.

Sasa sikia mpangilio, maana chati uliyopewa inadanganya.
Mkurugenzi huja na barua na huondoka na barua;
katikati hapo hujifunza njia ya chooni.
Nyumba iliendeshwa na Gunnvör wa maleba,
aliyejua nani amenenepa kabla ya mwenye mwili,
na Bárður seremala, aliyejenga msitu mmoja tu,
akawa anaupaka rangi upya kila msimu
mpaka ukawa misitu ya nchi kumi.
Mhasibu Sighvatur aliandika kila kitu.
Lifungue daftari lake: *gundi. Kamba. Vitunguu viwili, kwa machozi.*

Na mimi, mstari wa sitini na moja
katika orodha ya mishahara. Kazi yangu: kutosikika.
Miaka thelathini na minne humu ndani,
kichwa usawa wa mbao, kitabu mapajani.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
ya mfalme aijuaye ni aliye chini ya nyayo zake.
Nimeona wafalme wenye soksi zilizotoboka.

Kuna usiku mmoja sijauungama.
Ketilríður, mkubwa wao wote, alifika kwenye kaburi la mwanawe,
akafungua kinywa,
neno halikuja.
Akaniangalia. Nilikuwa nimesinzia, Eydís.
Mtoto wangu alikuwa na surua, sikuwa nimelala siku tatu.
Alisimama pale, mikono mitupu,
hadi ukumbi ukaacha kukohoa.
Nilipozinduka nikamrushia neno, la ukurasa mwingine.
Akalipokea. Akaendelea nalo.

Magazeti yakasifu ule ukimya.
Mmoja akauita mlima.
Ketilríður akaniletea keki, hakusema kitu,
na tangu hapo, kila usiku, pale pale,
alinyamaza kwa makusudi
huku akinitazama, akitabasamu kwa jicho moja.

Najua mtapiga mbao hapa juu Jumatatu.
Sawa. Waigizaji wa leo wana vidude masikioni.
Andika: kijisanduku kimoja, hali nzuri,
mto wa kukalia, umechakaa.
Rafuni, ndani ya kopo, biskuti moja.
Usiile.